Kona ya Chini ya Televisheni

Watu wa avenyi yetu hapa Kapata wanasema mi niko na kichwa ngumu, na siku niliyorudi kutoka mjini na televisheni pana kuliko dirisha la salon, sebule yangu, walipata ushahidi. Mzee anakaa peke yake katika nyumba ya kampani, viti vinne na vitatu havikaliwi na mtu, halafu anajiletea televisheni ya kutosha ukumbi wa parokia! Jirani yangu wa kushoto, mama ambaye hawezi kuona kitu bila kukisemea, alisimama kwenye lupango yake, pale uani, na kopo la maji mkononi.

"Tata! Hiyo yote utaangalia na nani?"

Nikamjibu kwamba nitaiangalia na macho yangu. Lilikuwa jibu la hasira, na hasira ilinishika kwa sababu swali lake lilikuwa sawa kabisa.

Lakini mtu hawezi kuielewa televisheni ile bila kujua namna tulivyokuwa tunaongea nyumbani mwangu. Kwa hiyo nianzie huko.

Ujana wangu wote niliumaliza kwenye konkaseri, ile mashine inayovunja mawe ya shaba kabla hayajaenda kusagwa. Mtu ambaye hajawahi kusimama kando ya konkaseri asiniambie habari ya makelele. Unaweza kuita mpaka mishipa ya shingo isimame, na mwenzako aliye hatua mbili kutoka kwako anaona mdomo tu unafunguka na kufungika. Basi tulisema na mikono. Vidole viwili kwenye paji la uso: shefu anakuja. Kiganja kinakata shingo: zima. Na kulikuwa na neno moja tulilolisema kuliko yote, ngumi tumboni mara mbili, halafu kiganja wazi kinaangalia juu. Imekula? Maana yake, mashine imepata mawe ya kutosha? Aliye chini anamuuliza aliye juu, kutwa nzima. Aliye juu akipitisha kiganja polepole juu ya tumbo, basi, imeshiba, kazi iendelee.

Mikono ile haikubaki kazini. Siku moja nilipanda treni mpaka Mutshatsha kununua unga wa muhogo, na pale karibu na stesheni nikamkuta msichana anauza. Wateja walikuwa wanamfokea. Alikuwa kiziwi tangu utoto, homa ilimchukulia masikio, na watu walifikiri wakiongeza sauti atasikia. Mi masikio yangu yenyewe yalikuwa bado yanavuma kwa mashine, na bila kufikiri nikamsemesha kama ninavyomsemesha mtu wa kazini. Ngumi tumboni mara mbili, kiganja juu. Umekula? Aliangalia mkono wangu, akaangalia uso wangu, akacheka mpaka akafunika mdomo. Halafu akapitisha kiganja juu ya tumbo lake, polepole, sawasawa kabisa, kama aliyezaliwa juu ya konkaseri. Nilirudi Mutshatsha kununua unga mara nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula.

Nilipomuoa, rafiki zangu walinitania kwamba nimepata bibi asiyegombana. Wapi! Yule mwanamke aligombana na mikono yote miwili, na nikifumba macho ili nisione maneno, alikuja kunifungua kope na vidole. Tulitengeneza lugha yetu wenyewe, nusu ya konkaseri, nusu ya stesheni, nusu ya jikoni, na najua hizo ni nusu tatu. Tulipata mtoto mmoja, binti, mwenye masikio mazima. Alisema na mikono kabla hajasema na mdomo. Wapita njia walifikiri nyumbani hakuna mtu, kumbe ndani tunabishana wote watatu. Wakati wa kula, mkono wa kuume uko kwenye bukari, ugali wetu, kwa hiyo maneno yote ya mezani tuliyasema na mkono wa kushoto. Hiyo ya mkono wa kushoto muiweke akilini.

Binti yangu alisoma, akawa mwalimu wa watoto viziwi, akaenda Kinshasa. Huko televisheni ya taifa ilimchukua. Unajua wakati wa habari, kuna kisanduku kidogo kwenye kona ya chini, mkono wa kuume, na ndani yake kuna mtu anawaambia viziwi na mikono yale anayosema mtangazaji. Mtu huyo ni mtoto wangu. Mama yake hakumuona hata siku moja. Alikufa kabla mtoto hajaanza kazi ile, na huo ni uchungu ambao sijaumaliza.

Baada ya mazishi binti yangu alikaa na mimi siku kadhaa. Alitaka twende wote Kinshasa. Nilikataa. Nitafanya nini Kinshasa, mi mutu ya hapa? Nani atakata majani kaburini? Hatukugombana. Alifunga sanduku lake, na pale mlangoni akasema "baki salama" na mdomo, si na mikono. Tangu siku hiyo mikono yangu haina mtu wa kuongea naye. Majirani wanafikiri mi ni mtu wa kunyamaza. Mi si mtu wa kunyamaza hata kidogo, ni mtu aliyebaki peke yake na lugha yake.

Alikuwa ananipigia simu kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa.

"Papa, uko muzuri?"

"Niko muzuri. We je?"

"Niko muzuri. Mvua inanyesha huko?"

"Inanyesha."

Basi. Hatukuwa na ubaya, lakini kwa mdomo sisi wawili ni wageni. Sauti yake sikuizoea, ni sauti ya mwanamke fulani wa Kinshasa. Alinitumia simu ya kioo ili tuonane. Kioo hakikusikia vidole vyangu, ngozi yangu imekuwa nene kwa kazi, nikigusa huku kinafunguka kule. Na tulipofaulu kuonana, mtandao ulimgandisha mkono hewani, neno nusu, halafu picha ikageuka vipande vipande. Unajua kuona mtoto wako anakuambia kitu, na neno linaganda katikati? Niliirudisha simu ile kabatini, nikabaki na yangu ya vitufe. Niliona heri kutomuona kuliko kumuona vile.

Zikabaki habari. Saa mbili ya Kinshasa, ambayo kwetu ni saa tatu ya usiku, nilikuwa nakaa kwenye kiti changu mbele ya televisheni ya zamani, ile ya mgongo mkubwa, niliyoinunua wakati nina kazi. Televisheni hiyo ilitengenezwa wakati picha zilikuwa karibu mraba. Siku hizi picha ni pana, kwa hiyo pembeni zinaanguka nje. Na mtoto wangu wanamweka wapi? Pembeni! Nilikuwa namuona jicho moja, bega moja, mkono mmoja wa kuume. Waziri amekaa katikati, mzima, na tumbo lake lote. Mtoto wangu ninapewa nusu.

Nitasema wazi lililokuwa linanisumbua. Nilianza kuamini kwamba amenisahau. Hakuwa amenikosea kitu, lakini ile "niko muzuri" yake ilikuwa ya mtu anayetimiza wajibu, na usiku nilipomtazama nusu yake nilijiuliza kama kuna kitu chetu chochote kilichobaki katika nusu nyingine. Nilitaka kumuona mzima. Uso wote, mikono yote miwili. Nilijiambia kwamba nikimuona mzima nitajua.

Nilikuwa na pesa ya kodi ya chumba cha nyuma, ninachowapangisha vijana wachimbaji wanaofuata kobalti. Haikutosha. Nikauza mashine ya kushona ya marehemu. Aliyeinunua alitaka na meza yake pia, nikakataa, sijui kwa nini. Akaenda na kichwa cha mashine, mi nikabaki na meza yenye shimo katikati.

Nilienda dukani mjini asubuhi na mapema, kwa makusudi. Habari za usiku zinarudiwa asubuhi, na mi sinunui televisheni bila kuiona inafanya kazi ninayoitaka. Muuzaji alikuwa mama kijana mwenye nywele za bandia nyekundu, mchangamfu, mwepesi wa maneno. Televisheni zote ukutani zilikuwa zinaonyesha samaki. Samaki wa njano, samaki wa bluu, wanapita bila haraka yoyote.

"Jambo tata! Karibu. Unatafuta ya inchi ngapi?"

"Ya kuona kona."

"Kona gani?"

"Kona ya chini, mkono wa kuume."

Alicheka, akafikiri ni utani. Mi nilienda kwenye televisheni ya kwanza, ile ndogo, nikaweka kiganja changu pale konani. Nikaenda ya pili, ya kadiri. Nikaenda ya tatu, kubwa, inchi hamsini na tano. Niliyajua mahesabu yangu: kwenye ile ndogo kisanduku cha binti yangu kingejificha chote chini ya kiganja. Kwenye ya kadiri kingetoka kidogo. Kwenye ile kubwa, kichwa chake peke yake kingejaza kiganja changu, kama siku aliyozaliwa nilipopewa kumshika.

"Tata, unapapasa bioo byangu sababu gani?" akauliza. "Batu banaangaliaka katikati!"

"Wa katikati sina shida naye."

Akanihurumia, nafikiri, akaona huyu mzee kichwa kimechoka. Lakini alikuwa mtu wa kweli katika biashara yake. Akanieleza kwamba ile ya kadiri na ile kubwa zina bei moja. Ya kadiri ni ya jina linalojulikana, picha safi, inadumu. Kubwa haina jina.

"Na garanti yake ni ule mulango," akasema, akionyesha mlango wa duka. "Ukisha kutoka, garanti imeisha. Mi nikiwa weye, tata, nachukua ya kadiri. Ile kubwa ni ya kuringia tu."

Nilisimama kati ya zile mbili muda mrefu. Pesa yangu ilikuwa ya moja tu, na haikuwa na ndugu nyuma yake. Kichwa kilisema ya kadiri. Kiganja kilisema kubwa. Nikamwambia awatoe samaki, aweke habari.

"Habari? Asubuhi hii? Utaona masikitiko tu, tata."

"Weka."

Akaweka, kwenye ile kubwa. Na pale, kwenye kona, mtoto wangu. Picha ilikuwa inatetemeka, waya ulikuwa mbovu, lakini kichwa kilikuwa kiganja kizima.

"Aah, ule!" akasema muuzaji, akapiga makofi. "Ule wa mikono! Kwetu nyumbani tunamuitaka Mama Nzi. Sawa mutu anafukuza banzi!" Akapunga mikono yake kumuigiza, na wateja wawili waliokuwa wanapanga foleni ya dekoda wakacheka.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa karibu kumwambia maneno ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kumwambia mtu anayeweza kuwa binti yake. Nilichukua kofia yangu juu ya friji waliyokuwa wanauza.

"Ni mutoto wangu," nikasema. "Mi njo baba yake."

Akaacha kupunga mikono.

"Mawee! Tata! Unisamehe. Unisamehe kabisa, tata, mi sikujua." Akanishika mkono wa shati, hakuniachia. "Tata, usiende na roho mubaya. Tunamupenda ule, kweli ya Mungu. Batoto bangu kila siku banangoja mwisho. Pale habari inaisha, mutangazaji anakusanya makaratasi yake, hasemi tena kitu. Lakini ye, mutoto wako, anabakiaka na neno yake moja. Anafanya hivi."

Na yule mama kijana wa nywele nyekundu, katikati ya duka, akajipiga ngumi tumboni mara mbili, akafungua kiganja kikaangalia juu.

"Njo kwaheri yake," akasema. "Batoto bangu banafanya vile mbele ya kulala."

Kwa muda sikusikia tena kitu, ilikuwa kama niko kazini.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia.

"Anafanya hivyo kila siku?"

"Kila siku, tata. Haikosi."

Sikumuamini. Yaani, nilitaka kumuamini mpaka nikaogopa. Maana alikuwa ameifanya na mkono wa kuume, na nyumbani kwetu neno lile ni la kushoto. Labda ni kwaheri kweli. Labda viziwi wote wa Kinshasa wanaagana hivyo, na mimi mzee nimeanza kujitungia. Nikasema nitangoja habari ziishe nione mwenyewe. Lakini patron, mwenye duka, akatoka nyuma, akaona watu wamesimama mbele ya picha ya barabara iliyoharibika, akapiga kelele kwamba duka si ofisi ya habari, warudishe samaki. Samaki wakarudi. Mama kijana aliniangalia, akainua mabega, duka si lake.

"Nipe ile kubwa," nikasema.

"Tata, nimekuambia..."

"Nimesikia. Nipe kubwa."

Nilirudi Kapata kwa moto, pikipiki ya abiria, boksi limesimama kati yangu na dereva, nimelikumbatia na mikono yote miwili, shavu langu limeegemea kartoni. Dereva alienda pole pole pembeni, malori ya madini yanatupita na vumbi lake, na kila shimo nilimwambia "pole pole, kaka" mpaka akachoka na mimi. Ndipo jirani yangu akanikuta pale lupangoni na swali lake.

Ndani, televisheni ilikataa kila mahali. Miguu yake iko mbali mbali, mmoja huku, mmoja kule, bufe langu la vyombo ni fupi, meza ya mashine ya kushona ni fupi zaidi. Mwisho nikachukua viti viwili katika vile visivyokaliwa, nikaviweka kimoja kila upande, nikaisimamisha juu yake. Walau viti viwili vilipata kazi.

Jioni ile sikupika. Tangu marehemu aondoke sina tabia ya kupika, nakula mkate na chai nikiwa nimesimama, karibu na dirisha. Kukaa mezani peke yangu na mkono wa kushoto hauna la kufanya, siwezi. Nikangoja saa.

Habari zikaanza, na akatokea. Yesu wangu! Uso mzima. Nilikuwa nimesahau kwamba ana macho mawili yasiyolingana kidogo, kama mimi. Amekonda. Paji la uso ni la mama yake, lile lile, na masikioni amevaa hereni za mama yake ambazo nilidhani zimepotea wakati wa kilio. Nilisogeza kiti mpaka magoti yakagusa vile viti vingine. Mikono ilikuwa inakimbia, na nikagundua kitu kilichoniuma: sikuelewa. Ni mikono yetu, lakini inasema lugha ya shuleni, lugha ya viziwi wote wa nchi. Nilishika neno moja hapa, moja pale. Maji. Watu. Barabara. Nilikuwa mbele ya mtoto wangu kama yule mteja wa Mutshatsha anayemfokea kiziwi, ila hapa kiziwi ni mimi.

Nikasema si kitu, nangoja mwisho.

Mwisho ukafika. Mtangazaji akakusanya makaratasi. Binti yangu akashusha mkono wa kuume, ukapotea chini. Na hapo ndipo nilipojua kwa nini televisheni ile ilikuwa na bei ile. Ilikuwa inaikuza picha kupita kioo chake, inakula kingo zote, chini na pembeni. Kona ya binti yangu ilikuwa imekatwa kifuani. Niliona bega la kushoto linatikisika, mara mbili. Mkono wenyewe ulikuwa chini huko, nje ya kioo, ndani ya ile sehemu niliyoilipia bila kupewa. Halafu tangazo la sabuni.

Bega. Mi nimesoma mabega ya watu maisha yangu yote, watu waliojificha nyuma ya mkanda wa mawe na sehemu ya mwili tu inaonekana. Bega lile lilikuwa la mtu anayepiga ngumi tumboni. Lakini bega si neno. Unaweza kutikisa bega kwa sababu ya nguo. Nilikaa pale, nikaona haya mbele ya viti. Nimeuza mashine ya marehemu ili nione bega!

Asubuhi niliamka na telekomande mkononi. Nilibonyeza kila kitu. Ilinipeleka kwenye maandishi ya Kichina, ikanirudisha, ikageuza watu wote kuwa wa kijani, ikanyamaza, ikapiga kelele. Niliitukana matusi ya konkaseri ambayo sikuwa nimeyatumia tangu nistaafu. Kidole changu kinene kilikuwa kinabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, mpaka nikachukua sindano kubwa ya marehemu ya kushonea magodoro, nikageuza upande wa tundu, nikabonyeza nayo kimoja kimoja. Kulikuwa na kitufe kilichochorwa mraba na mishale ndani yake. Nilipokigusa, picha ilirudi nyuma kidogo, kama mtu anayepiga hatua kuachia mwingine nafasi. Kingo zote nne zikaonekana.

Jua lilikuwa linaingia na kufuta picha. Nikafunga pazia. Nikakaa kwenye kiti changu, na habari za jana zikarudi, zile zile. Maji. Watu. Barabara. Mtangazaji akamaliza, akakusanya makaratasi yale yale.

Binti yangu akashusha mkono wa kuume, akautuliza pembeni, kama mkono ulioko kwenye sahani. Na kwa mkono wa kushoto akajipiga tumboni, mara mbili. Akafungua kiganja, kikaangalia juu. Hakumuangalia mtangazaji. Aliangalia mbele, akangoja kidogo, kama mtu aliye chini anavyomngoja aliye juu.

Umekula?

Kila jioni. Nchi nzima imemuona. Watoto wa yule mama wa dukani wanalala na neno letu. Mtu mmoja tu ambaye hakuliona ni yule aliyeulizwa, kwa sababu televisheni yake ilikuwa inakata upande wa kushoto wa mtoto wake. Nililia. Sitaficha, nililia na sauti, na mlango ukiwa wazi, jirani akisikia shauri yake.

Sijui nililia muda gani. Nilipoinua uso tangazo la sabuni lilikuwa limepita, na mkono wangu ulikuwa unapita juu ya tumbo langu, polepole, unajibu. Nimekula, nimeshiba. Unamjibu nani? Kwenye kioo kulikuwa na watu wanacheza muziki.

Nikachukua simu ya vitufe. Haikuwa siku ya Mungu. Iliita mara ya kwanza akapokea, na nilisikia amepata hofu.

"Papa? Kuko nini? Unagonjwa?"

"Hapana. Niliona."

"Uliona nini?"

"Mukono wa kushoto."

Nyuma yake nilisikia magari ya Kinshasa, honi, mtu anaita mkate.

"Na jibu ni nini, papa?" akauliza. Haikuwa tena sauti ya mwanamke fulani. Ilikuwa ya kwetu.

Mkono wangu usioshika simu ulikuwa tayari juu ya tumbo, unamwambia uongo wake mbele ya viti viwili na televisheni. Lakini mdomo, ambao hatukuuzoea sisi wawili, ukashindwa kudanganya.

"Bado," nikasema. "Siyakula, mutoto."

"Njo maana naulizaka," akasema.